Nani Aamke Kwanza

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena zuri, lakini Kanali amesema majina ya nchi ni habari nyeti. Kwa hiyo tutaiita nchi tu, na wanaoijua wataijua. Ni nchi ya amani. Amani tunayo nyingi hata ikaundiwa wizara, na Wizara ya Amani ina magari mengi kuliko wizara zote, na askari wake husimama kwenye milango ya majengo ambayo bado hayajajengwa.

Mimi nilikuwa mtumishi wa wizara hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa za mafanikio. Zilikuwa zinaandikwa mapema, ili mafanikio yenyewe yakija yasitukute hatujajiandaa.

Mambo yalianza siku Mlezi wa Taifa alipokuwa anaandika hotuba kwenye kompyuta yake. Katikati ya sentensi kompyuta ilijizima, ikajiwasha, ikamwandikia kwenye kioo kwamba inajifanyia matengenezo na yeye asubiri. Tangu aingie Ikulu hakuna kiumbe aliyewahi kumwambia asubiri. Akauliza nani amesema maneno hayo. Wakamweleza kwa upole kwamba ni mfumo endeshi, ile programu kubwa inayotawala programu nyingine zote, na kwamba umetengenezwa na watu wa mbali.

"Kumbe ndani ya meza yangu kuna serikali nyingine," akasema.

Wiki haikuisha ikatangazwa kwamba nchi itaandika mfumo wake yenyewe, utaitwa Ngao, na utawekwa katika kila kifaa cha umma chenye waya na kioo.

Kazi hiyo akapewa Bi Mwanaheri Tindwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa, amesomea mambo hayo ughaibuni kwa miaka, kisha akarudi nyumbani kwa hiari yake, jambo ambalo Idara ya Upelelezi ilikuwa bado inalichunguza. Alikuwa na kasoro moja tu: ukimuuliza swali, alikujibu. Akapewa ofisi katika jengo lililokuwa la Shirika la Mbolea, ambalo lilikuwa limefilisika lakini harufu yake haikufilisika, na humo akakusanya wenzake wachache, wakawa wanaandika Ngao huku wakinywa kahawa ya tangawizi.

Nilitumwa kwake nikaandike mafanikio. Nikamwomba anieleze anachotengeneza kwa lugha ya watu.

"Natengeneza kiini," akasema. "Kiini cha mfumo ni kama mama mwenye nyumba siku ya shughuli. Anaamka wa kwanza, nyumba nzima kimya. Anaamsha mmoja mmoja. Kwanza anaiamsha Kumbukumbu, kwa sababu ndiyo nafasi ya kuwekea vitu. Halafu Saa. Halafu Diski. Programu za watumiaji ni wageni, hao huingia mwisho. Ukikosea mpangilio, ukamwamsha mpishi kabla kuni hazijaletwa, umepata mpishi mwenye hasira na chakula hakuna."

"Na usalama?" nikauliza, maana bila neno hilo taarifa yangu isingepita.

"Yupo Mlinzi. Kila mahali panapoweza kutendeka jambo kubwa, faili kufunguliwa, programu kuanzishwa, nachomeka kulabu. Kulabu inalishika lile jambo kidogo na kumuuliza Mlinzi: lipite au lisipite? Akikubali, linapita."

"Na Mlinzi akiwa bado hajaamka?"

Akacheka kile kicheko chake. "Kaka, umegusa penyewe. Hapo ndipo mshahara wangu ulipo."

*

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuamka. Mwenyekiti alikuwa waziri wetu, Kanali Mstaafu Sekwao Makunzo, ambaye alistaafu kwenye jina peke yake. Sauti, viatu na bastola havikustaafu. Kulia kwake aliketi Mkuu wa Itifaki, Bwana Ladislaus Pembe. Huyu alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye miguu iliyovimba ambayo aliificha ndani ya viatu vikubwa. Aliweza kusikiliza watu wawili wakikohoa nje ya mlango akakwambia nani aingie kwanza. Aliwahi kusimamisha mazishi kwa sababu jeneza lilikuwa limetangulia mbele ya Mkuu wa Mkoa.

Mwanaheri akaeleza mpangilio wake, kama alivyonieleza mimi. Bwana Ladislaus akainua kalamu.

"Samahani, Bi Mwanaheri. Unasema wa kwanza kuamka ni Kumbukumbu. Kumbukumbu ni ya wizara ipi?"

"Siyo ya wizara, mzee wangu. Ni sehemu ya kompyuta."

"Mambo ya kumbukumbu ni ya Wizara ya Utamaduni na Makumbusho," akasema Bwana Ladislaus kwa huzuni. "Katika itifaki ya nchi hii, Utamaduni iko nafasi ya kumi na tisa, baada ya Mifugo. Amani ni ya kwanza. Sasa wewe unamwamsha wa kumi na tisa huku wa kwanza amelala."

Macho yote yakamgeukia Kanali. Kanali alikuwa amekwishakuwa mwekundu kadiri ngozi yake ilivyomruhusu.

"Mlinzi ataamka wa kwanza," akasema. "Na yeyote atakayeamka baada yake, aulizwe. Kumbukumbu iulizwe, Saa iulizwe, wote. Asiyejibiwa, amekataliwa."

"Mheshimiwa, naomba nieleze," akasema Mwanaheri. "Mlinzi anafanya kazi kwa kanuni: huyu apite, yule asipite. Kanuni hizo lazima ziwekwe mahali. Mahali penyewe ni Kumbukumbu. Isipoamka, hana pa kuziweka."

"Aziweke kichwani."

"Kichwa chake ndiyo Kumbukumbu, Mheshimiwa."

"Askari wangu hawatumii kichwa, Bi Mwanaheri. Wanatumia amri."

"Hatakuwa na hata pa kukaa."

"Askari hakai," akasema Kanali. "Askari husimama."

Wajumbe wakanukuu maneno hayo. Baada ya muda mfupi yakachapwa kwenye fulana, na wizara ikatoa kanga zenye maandishi *Usalama Kabla ya Kumbukumbu*, zikagawiwa kwa akina mama wote waliofika kuzipokea na kwa wengine waliofuatwa majumbani.

*

Ngao ikazinduliwa katika Ukumbi wa Amani. Kompyuta moja iliwekwa jukwaani juu ya meza yenye kitambaa cha kijani. Kanali akabonyeza kitufe. Taa ndogo ikawaka. Kioo kikabaki cheusi. Tukangoja. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, ikaumaliza, ikaurudia kwa mwendo wa polepole. Kioo kikabaki cheusi.

Kanali akainama kwa Mwanaheri. "Inafanya nini?"

"Inafanya mlivyoagiza, Mheshimiwa. Mlinzi ameamka. Anaiomba Kumbukumbu nafasi ya kuweka kanuni zake. Kumbukumbu haiwezi kuamka mpaka Mlinzi airuhusu. Mlinzi hawezi kuruhusu chochote mpaka apate kanuni zake. Na kanuni zinangoja nafasi."

Kanali akafikiri. "Kuna aliyepita bila ruhusa?"

"Hakuna."

"Kuna faili lililoibwa?"

"Hakuna faili."

"Kuna aliyevunja sheria yoyote?"

"Hakuna aliyeamka, Mheshimiwa."

Kanali akanyooka, akaugeukia ukumbi na kusema kwamba amefanya kazi ya usalama maisha yake yote, katika misitu, mipakani na kwenye mikutano ya wanafunzi, na hajapata kuona mahali penye utulivu kama hapa mezani. Alisema huu ndio mfumo wa kwanza duniani ambao adui akiuingia hatakuta kitu cha kuchukua. Wabunge walisimama. Wengine walitokwa na machozi.

Mimi nikaandika taarifa kwamba Ngao haijawahi kudukuliwa. Nimeandika taarifa nyingi, ila hiyo ilikuwa ya kweli kabisa na mpaka leo hakuna aliyeweza kuipinga.

Ikawekwa kila mahali. Watumishi wa umma walifika ofisini asubuhi, wakawasha kompyuta, wakaketi mbele ya kioo cheusi mpaka jioni. Kwa kuwa kioo cheusi huonyesha sura, wake kwa waume wakaanza kujitazama humo, na unadhifu wa watumishi ukapanda sana. Malalamiko ya wananchi yakakoma kabisa, maana yalikuwa yakipokelewa kwa kompyuta. Uwanja wa ndege haukuweza kuingiza mgeni wala kutoa mwenyeji. Gerezani hali ilikuwa hivyo hivyo: aliyehukumiwa hakuweza kuandikishwa, aliyemaliza hakuweza kufutwa, basi wa nje wakangoja nje na wa ndani wakangoja ndani, wakawa wanapeana salamu kupitia dirisha la lango.

Mwanaheri alikuwa akienda wizarani kila mara kumwona Kanali. Mwanzoni alipewa kiti. Baadaye alipewa kiti kwenye korido. Mwishowe akapewa likizo ya uzalendo, ambayo haina mwisho, na ikasomwa amri mbele yake kwamba atakayegusa mpangilio wa kuamka kwa Ngao atashtakiwa kwa uhaini. Nilimkuta nyumbani kwake amekaa barazani anachambua mchele.

"Ningekuwa nimebaki huko ughaibuni," akaniambia, "saa hizi ningekuwa nagombana na watu wanaonielewa."

Nikamsaidia kuchambua.

*

Sasa, wizarani walipoagiza kila kifaa chenye waya na kioo, hawakutania. Katika Hospitali Kuu kulikuwa na mashine ya kusafisha damu, kwa ajili ya watu ambao figo zao zimechoka. Ilikuwa na waya. Ilikuwa na kioo. Mafundi wakaja wakaiwekea Ngao, na askari mmoja akawekwa karibu yake kuilinda.

Na Bwana Ladislaus Pembe, Mkuu wa Itifaki, ile miguu yake haikuvimba bure. Alikuwa mgonjwa wa figo wa siku nyingi. Alikwenda kusafishwa damu kimyakimya, akiingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu itifaki haikuwa na kifungu kinachosema afisa wa ngazi yake alale kitanda cha namna gani.

Siku alipofika, Sista Apolinaria, muuguzi mkuu wa wodi, alimwonyesha mashine. Taa ndogo inawaka, kioo cheusi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mafundi waondoke, baba. Tumelalamika. Lakini wagonjwa wangu wengine hawana cheo, kwa hiyo malalamiko yao bado yanapanda ngazi."

Kulikuwa na vitanda vinne. Katika viwili walikuwa wamelala watu waliovimba nyuso, hawana nguvu ya kugeuka. Cha tatu kilikuwa chake. Cha nne kilikuwa kimetandikwa upya, shuka imekazwa vizuri.

"Na wa pale?"

"Alisubiri sana," akasema Sista.

Bwana Ladislaus akakaa kitandani akavua viatu vyake vikubwa, na Sista akaona kwamba miguu imekuwa kama magogo. "Jina lake nani?"

"Mzee Njechele. Alikuwa fundi baiskeli."

Sista Apolinaria alinisimulia baadaye kwamba hilo ndilo lililomshangaza. Mzee yule hakuuliza cheo cha marehemu. Alikaa akikiangalia kitanda, kisha akasema, "Niitieni yule mama wa kuni."

Sista akatambua kwa shida kwamba anamtaka Mwanaheri. Alipofika, mzee alikuwa amelala, pumzi zake fupi. Mwanaheri akampa shikamoo, akaitazama mashine, akamtazama askari.

"Unaweza kuiamsha?" akauliza Bwana Ladislaus.

"Naweza. Mpangilio wangu wa kwanza ninao hapa," akagusa pochi yake, ambamo mlikuwa na flashi. "Kumbukumbu kwanza, kisha Saa, kisha Diski, halafu Mlinzi, halafu pampu. Ni muda wa kunywa maji tu. Lakini huyu kaka hapa ana bunduki, na mimi nina amri ya uhaini."

"Nisamehe, mama," akasema askari kwa adabu. "Hata mimi shangazi yangu ni huyo wa kitanda cha pili. Lakini ukiigusa itabidi nikupige risasi, kisha niandike ripoti, na kompyuta ya ripoti haiwaki."

Ndipo Kanali alipoingia. Itifaki inamtaka waziri kumtembelea mgonjwa wa ngazi ile, na Kanali alikuja na kapu la matunda, na mimi nyuma yake nikiwa tayari kuandika. Lakini lipo jambo ambalo halikuwa itifaki. Kanali na Bwana Ladislaus walisoma darasa moja tangu utotoni. Siku Kanali alipooa, Ladislaus ndiye aliyepanga watu kwenye viti, na ilisemekana kwamba bila mpango ule koo mbili zingepigana mpaka kesho yake. Kanali alipoona miguu ya rafiki yake iko nje ya shuka, aliweka kapu chini taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Ladi," akasema. "Imefikia hapa?"

"Imefikia."

Kanali akaitazama mashine, akamtazama Mwanaheri, akatazama dirisha. Nilikuwa nimemfanyia kazi kwa miaka na nilijua anachotaka kusema. Nilijua pia kwamba hawezi kulisema. Maneno yake yalikuwa kwenye kanga za nchi nzima.

"Amri ni amri," akasema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sikuombi uvunje amri," akasema Bwana Ladislaus. "Nakuuliza jambo la kazi tu. Siku ya sherehe za uhuru, nani hufika uwanjani wa kwanza?"

"Wafagizi."

"Kisha?"

"Watu wa viti na mahema. Kisha bendi." Kanali alijibu haraka, hayo aliyajua kama jina lake. "Kisha wananchi walioletwa na malori. Wakuu wa wilaya. Mabalozi. Sisi mawaziri. Mwisho kabisa, Mlezi wa Taifa."

"Na akitokea Mlezi amefika kabla ya watu wa viti?"

"Haiwezekani. Atakaa wapi?"

Niliona neno lile likimrudia Kanali, likimpitia usoni polepole, kuanzia kwenye paji la uso mpaka kwenye sharubu.

"Nilikosea, Makunzo," akasema Bwana Ladislaus. "Mimi, Mkuu wa Itifaki. Nilihesabu vyeo nikasahau kwamba mgeni wa heshima hufika mwisho. Nimekufikisha uwanjani alfajiri. Umesimama peke yako, hakuna kiti wala hema, wala mtu wa kukuona."

"Muda wote huu nimekuwa nikifika na wafagizi?"

"Kabla yao."

Kanali akamgeukia Mwanaheri kwa ghadhabu ya kweli. "Na wewe ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

Mwanaheri akafungua mdomo. Bwana Ladislaus, ambaye hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, akainua kidole kimoja tu kutoka kwenye shuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Mwanaheri aliulizwa swali na hakulijibu.

"Nisamehe, Mheshimiwa," akasema.

"Watangulie hao wa viti," akaamuru Kanali. "Kumbukumbu na wenzake. Wafagie kwanza."

Askari akasogea pembeni kwa haraka kuliko askari yeyote niliyewahi kumwona. Mwanaheri akachomeka flashi yake, akaandika, akabonyeza. Taa ndogo ikawaka, kisha kioo, kisha namba zikaanza kupita. Kumbukumbu ikaamka, Saa ikaamka. Mlinzi akaamka akakuta nafasi yake tayari, akapanga kanuni zake. Halafu pampu ikaanza kuzunguka, kwa sauti kama ya mtu anayepiga funda la maji. Sista Apolinaria alimtanguliza shangazi wa askari, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi. Bwana Ladislaus alipoona amewekwa wa pili hakupinga. Kanali alikaa kitandani pake, akimmenyea chungwa ambalo daktari alikuwa amekwishamkataza.

*

Ningependa kuishia hapo, na katika taarifa ya wizara niliishia hapo. Lakini nchi yetu haijapata kuishia mahali pazuri.

Habari zilifika Baraza la Mawaziri kwamba wa kwanza kuamka ni wa chini na wa mwisho ndiye mkubwa. Kesho yake Waziri wa Mifugo alitaka Saa ihamishiwe kwake na iamke mwisho. Waziri wa Utamaduni alilia kikaoni kwamba anatangulizwa kama mtu wa viti. Mabishano yalikuwa makali, ila mshindi alijulikana. Mlinzi angekuwa wa mwisho, na nyuma yake asiwepo mtu.

Mwanaheri akarudishwa kutoka kwenye likizo ya uzalendo ili aandike hayo.

"Mheshimiwa," akamwambia Kanali, "Mlinzi aamke baada ya viti, sawa. Lakini awe kabla ya wageni. Wageni ni programu. Hao ndio anaotakiwa kuwakagua mlangoni."

"Mgeni rasmi afike kabla ya wageni?" akauliza Kanali. "Nikae peke yangu mbele ya viti vitupu, watu wanaingia mmoja mmoja wananikuta natafuna karanga?"

"Kabla hajafika, kila kulabu itauliza na hakuna wa kujibu. Ikinyimwa jibu, nchi italala tena. Kwa hiyo itabidi ijibu yenyewe, na itajibu ndiyo."

"Wajibiwe ndiyo. Ni wageni wangu."

"Na atakaowakuta ndani hawatakuwa na ile alama anayowatia anaowakagua mlangoni. Atadhani ni wenyeji, hatawauliza kitu."

"Mgeni rasmi haulizi watu wamefikaje," akasema Kanali. "Anapunga mkono."

Akaagiza pia kwamba Mlinzi achelewe inavyostahili. Mgeni rasmi anayefika kwa wakati hajiheshimu. Kompyuta zikiwashwa asubuhi, yeye aje jua likishapanda vizuri. Hospitali peke yake ziliachiwa mpangilio wa Mwanaheri, kwa sababu Bwana Ladislaus, akiwa na uso uliorudi umbo lake, aliandika kifungu kipya cha itifaki kinachosema kwamba hospitalini hakuna mgeni wa heshima ila mgonjwa, na kikapita kwa kuwa hakuna waziri aliyetaka kukigombea cheo hicho.

Wananchi hawakuelezwa chochote, na kama kawaida walielewa upesi. Waligundua kwamba ukifika ofisi ya umma asubuhi, mambo yanapita. Mjane aliyekuwa akizungushwa kuhusu kiinua mgongo cha mumewe alijibiwa siku moja, akarudi kesho yake kuuliza kama wamekosea. Bwana aliyenyimwa leseni ya kutengeneza redio, kwa sababu babu yake aliwahi kucheka katikati ya hotuba, akapata leseni. Bwana jela mmoja, mtu wa huruma, aliketi mbele ya kompyuta yake na chai, akawa anawafungulia wale ambao hakuna tena aliyekumbuka walikosa nini. Mlinzi alipofika, akawakuta wako nje, hawana alama, akawapungia mkono.

Sisemi hapakuwa na ubaya. Mpwa wa waziri mmoja aliwahi asubuhi akajiandikisha kuwa mmiliki wa ziwa. Lakini mama mmoja muuza dagaa alikuwa nyuma yake kwenye foleni, akaona, na zamu yake ilipofika akaliandikisha upya kwa jina la watu wote. Mpwa akakimbia kupanga foleni tena. Mpaka afike mbele, Mlinzi alikuwa amekwishaingia, na baada ya hapo, kwa kanuni za Kanali, hakuna lililopita, jema wala baya.

Mwishowe Kanali mwenyewe alianza kuhisi. Alikuja Shirika la Mbolea peke yake, bila msafara, akakaa kwenye kiti kilichopungukiwa mguu. Mwanaheri akampa kahawa ya tangawizi.

"Ripoti zangu ni nzuri," akasema. "Tangu Mlinzi anapofika mpaka jioni, hakuna kosa hata moja. Lakini naona watu wana furaha, na sikumbuki kuiruhusu. Kuna kitu kinatendeka kabla sijafika?"

"Kipo, Mheshimiwa," akasema Mwanaheri, maana aliulizwa.

"Unaweza kukizuia?"

"Ni mstari mmoja tu. Nikiupandisha juu, Mlinzi atafika kabla ya wageni. Atamwona kila mmoja anapoingia."

"Mlango mzima utakuwa wangu?"

"Mzima. Ila utafika hakuna mtu. Viti vitakuwepo, na kimya."

Kanali akanywa kahawa. Nilikuwa nimekaa pembeni na nilimwona akipima, na sitamcheka, kwa sababu ni mambo mawili aliyoyapenda maisha yake yote na hakuwahi kuambiwa achague. Mwanaheri hakumsaidia. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi.

"Acha," akasema Kanali hatimaye. "Acha kama kilivyo." Akainuka, akafika mlangoni, akageuka. "Lakini Mlinzi anapoingia sasa hivi, anaingia kimyakimya. Hakuna anayejua kama amefika. Hiyo si heshima. Unaweza kuweka makofi?"

"Makofi, Mheshimiwa?"

"Kompyuta zote. Akiamka Mlinzi, yasikike makofi. Na tarumbeta kidogo."

Mwanaheri akayaweka siku hiyo hiyo, tena kwa sauti ya juu kabisa ambayo spika zinaweza kustahimili. Na mpaka leo, ukiwa unapanda ngazi za ofisi yoyote ya umma katika nchi yetu na kusikia ndani makofi na tarumbeta, usijisumbue kumaliza ngazi. Umechelewa, rudi kesho, uwahi.